Nilisema Digrii ni Karatasi Tu. Hizi Hapa Hesabu Zangu

Kuna vidio yangu ya Mei 2024 ambayo bado inazunguka. Nimesimama kando ya Uganda Road hapa Eldoret, nyuma yangu makanga wanaita abiria, na mimi nimejaza kifua nasema: "Nimeacha chuo. Sijafukuzwa, nimejitoa mwenyewe. Digrii ni karatasi tu." Hiyo ndo vidio ilinipa jina. Kabla yake nilikuwa na wafuasi wachache, wengi wao wakiwa ni watu tulisoma nao. Baada yake nikawa "yule msee wa karatasi."

Tangu siku hiyo haipiti wiki bila mtu kuniandikia. Wengi ni makomredi wa mwaka wa pili au wa tatu. "Bro, nasoma Bcom, sioni kitu mbele, niache?" Mwingine: "Wewe umeomoka bila digrii, nipe njia." Na mimi kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu kwa emoji ya moto. Moto tu, basi. Mtu anakuuliza kuhusu maisha yake na unamtumia moto.

Leo nawajibu wote kwa pamoja, na jibu ni refu. Shika chai.

Kwanza, vidio ile ilikuwa uongo. Sikujitoa.

Niliingia chuo Septemba 2021. Sitataja ni kipi, na msianze kubahatisha. Eldoret ni mji wa vyuo: Moi wako huku tangu 1984, University of Eldoret walipata hati yao 2013, na ukizunguka mjini utapata kampasi juu ya duka la viatu. Chukua yoyote, hadithi ni ileile. Niliitwa kusomea Shahada ya Biashara, ile sisi tunaita Bcom, na mwaka wa tatu ukifika unachagua mkondo wako: masoko, fedha, rasilimali watu, au uhasibu wa fedha. Mimi nilichagua uhasibu. Si kwa sababu nilikuwa napenda hesabu sana, ni kwa sababu mathe alikuwa ameshaambia Langas nzima kwamba kijana yake atakuwa mhasibu.

Na wacha niseme kitu ambacho sijawahi kusema kwa kamera: nilipenda. Miaka miwili ya kwanza unapitishwa kwa kila kitu, uchumi, sheria ya biashara, takwimu, hisabati. Lakini uhasibu ulinishika. Kuna mtawa mmoja Mwitaliano, Luca Pacioli, alichapisha kitabu kule Venice mwaka 1494 na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa pale walivyokuwa wanaandika vitabu vyao: kila pesa inaandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, na mwisho pande zote mbili lazima zilingane. Zaidi ya miaka 500 baadaye benki yako inafanya hivyohivyo. Nilikuwa naona hiyo ni noma. Pesa haitoki hewani na haiendi hewani. Ikitoka mahali, kuna mahali imeingia.

Januari 2024, mwaka wa tatu, nilikuwa na deni la karo. HELB ya semesta hiyo haikuwa imeingia. Nikampigia mathe. Mathe anauza mboga na nyanya hapo Langas, kwa kibanda cha mabati. Akaniambia, "Nipe wiki moja." Wiki moja ikaisha, simu ikalia, M-Pesa: thao ishirini na moja. 21,000. Sikuuliza ametoa wapi.

Hiyo pesa haikufika chuoni.

Nilikuwa na thao tatu zangu. Nikaongeza, nikanunua simu ya mkono wa pili ya 24,000, yenye kamera poa. Mpango wangu ulikuwa hivi: nitengeneze kontenti miezi mitatu, pesa irudi, nilipe karo kabla ya mtihani, na simu ibaki yangu. Kwa kichwa ilikuwa inalingana kabisa. Aprili ikafika, pesa haikuwa imerudi, na bila kumaliza karo hupati kadi ya mtihani. Siku ya mtihani wa kwanza nilivaa vizuri, nikashuka kutoka keja, nikakaa kando ya mto Sosiani mpaka saa nane. Siku ya pili sikuvaa hata vizuri.

Mwezi uliofuata nikatoa ile vidio. Kusema "nilikula karo" haina wafuasi. Kusema "digrii ni karatasi tu" ina wafuasi. Nikachukua aibu nikaivisha shati la uamuzi.

Mathe hakuiona. Ana kabambe, ile simu ya tochi. Kwake mimi nilikuwa bado nasoma, na likizo ilipofika nikasema niko mafunzo ya kazini.

Sasa tuje Novemba 2024. Eldoret ilikuwa imeshafanywa jiji Agosti 15, wa tano Kenya, sisi wote tukawa watu wa jiji. Lakini chama cha mathe bado kilikuwa kinakutana Jumapili alasiri chini ya mabati yaleyale Langas. Akina mama 24, kila mmoja anaweka kitu kidogo kila wiki, anayetaka mkopo anachukua na kurudisha na riba ya asilimia 10. Pesa inakaa kwa laini ya M-Pesa ya mweka hazina, mama mmoja anauza maziwa, na yote yanaandikwa kwa daftari la kurasa mia mbili.

Jioni moja mathe akanipigia, sauti ya chini. Daftari linasema chama kinafaa kuwa na 87,540. Kwa laini kuna 74,700. Shilingi 12,840 hazionekani. Mama wa maziwa ameapa hajagusa. Wengine wameanza kumwita mwizi mbele ya watoto wake, na mmoja ameacha kununua maziwa kwake. "Wewe si ndiye unasomea hii kitu? Kuja utuangalilie."

Ningekataa vipi?

Nilifika Jumamosi. Mama wa maziwa akaniletea daftari limefungwa kwa leso, kama mtu anakuletea mtoto mgonjwa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akaniambia, "Kijana yangu, kama ni mimi nimekosea niambie mimi kwanza, kabla uwaambie."

Nikafanya vile tulifundishwa. Kwanza nikamwambia aombe taarifa yote ya M-Pesa ya mwaka huo, ile inatumwa kwa barua pepe ikiwa imefungwa na nambari ya siri. Nikaiweka kando ya daftari, nikaanza kutia alama mstari kwa mstari. Kitu cha kwanza kikatokea haraka: kila akituma mkopo, M-Pesa inakata ada, na hajawahi kuandika ada hata moja. Nikazijumlisha, 1,140. Hiyo si wizi, hiyo ni gharama. Zikabaki 11,700.

Hapo nikakumbuka mhadhiri wetu wa mwaka wa kwanza. Alikuwa anatuambia tofauti ikikataa kuisha, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila kubakisha, huenda mtu amegeuza tarakimu, kama kuandika 54 badala ya 45. Na ukikosa, igawe kwa 2, utafute kama kuna kiasi kama hicho kimeandikwa upande usiofaa, kwa sababu kosa la upande huonekana mara mbili. 11,700 kwa 9 ni 1,300 kamili. Nikaanza kuwinda tarakimu zilizogeuzwa.

Nikazipata ukurasa wa kumi na saba. Kwa daftari, mwanachama amerudisha 8,100. Kwa M-Pesa, siku ileile, imeingia 1,800. Tofauti 6,300.

Nikaangalia jina. Ilikuwa mathe.

Nikafungua nyuma kutafuta mkopo wenyewe. Januari 2024. Jina lake, kiasi 21,000, na kwa safu ya sababu mama wa maziwa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, pengine kwa kunifurahia: "karo ya mhasibu."

Wasee, nilikaa hapo kama dakika kumi. Mkopo na riba ilikuwa 23,100. Daftari lilikuwa linasema amelipa 13,500, amebakisha 9,600. Ukweli ni kwamba alikuwa amelipa mara nne, 1,800 kila mara, jumla 7,200, na amebakisha 15,900. Nikirekebisha kosa, mathe anaamka na deni limepanda kwa 6,300. Deni la karo ambayo mimi nilibeba mfukoni sai, ina kioo kimepasuka na kamera poa.

Nisingerekebisha? Nilifikiria, siwezi kudanganya. Hakuna mtu mwingine pale angejua kugawa kwa 9. Ningesema ni ada za M-Pesa na makosa madogomadogo, tuchangie tuyafute. Lakini hizo 6,300 zingekuwa zimetoka kwa akina mama wengine 23, na jina la mama wa maziwa lingebaki na doa. Pesa haiendi hewani. Ikikosekana kwa daftari, kuna mtu ameilipa.

Kwa hivyo nikaendelea. Zilikuwa zimebaki 5,400. Nusu yake 2,700. Nikatafuta 2,700 na ilikuwa hapo, mkopo mdogo wa Juni ambao uliandikwa kwa safu ya pesa zilizoingia badala ya zilizotoka. 1,140 na 6,300 na 5,400. Jumla 12,840. Zimeisha. Hakuna shilingi imeibiwa.

Mama wa maziwa alikaa chini akalia. Kimyakimya, akipangusa uso na ileile leso.

Kesho yake, Jumapili, nikawaeleza wote. Nikawaonyesha mstari kwa mstari, hata ule wa mathe. Wakapiga makofi. Yule aliyeacha kununua maziwa akaenda akamshika mama wa maziwa mkono. Halafu mwenyekiti akatoa karatasi. "Andika ripoti fupi, uandike jina lako, chini uweke mhasibu, tuhifadhi."

Hapo ndo nikakwama. Kuna kitu tulifundishwa kwa somo la maadili: Sheria ya Wahasibu ya 2008 inalinda hilo jina. Kufanya kazi na kusaini kama mhasibu ni ya watu waliosajiliwa na ICPAK, na huwezi kusajiliwa bila kupita mitihani. Chama cha akina mama 24 hakiwezi kunishtaki kwa neno moja kwa karatasi, najua. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba jina la mama wa maziwa ni safi kwa sababu kila kitu kimeandikwa vile kilivyo. Halafu mimi niandike uongo hapohapo chini yake?

Nikasema, "Mimi si mhasibu. Na si mwanafunzi. Niliacha chuo tangu Aprili. Ile karo sikulipa."

Hakuna mtu alipiga makofi. Mathe hakuniangalia. Alikunja leso yake, akaifungua, akaikunja tena. Njiani kwenda nyumbani tulitembea kama watu hawajuani, na kufika mlangoni akasema kitu kimoja tu: "Hizo 15,900 utalipa wewe. Na si kwangu, utaleta chamani mwenyewe, Jumapili, wakikuona."

Usiku huo nikafanya kitu nilifaa kufanya kitambo. Nikachukua karatasi nikaandika hesabu zangu za kontenti, Mei mpaka Oktoba 2024. Miezi sita ya kuwa "yule msee wa karatasi." Nawapea kama zilivyo.

Mapato: 41,200. Moja ilikuwa dili ya 10,000, ikaingia 9,500, kwa sababu tangu Sheria ya Fedha ya 2023 kontenti inakatwa asilimia 5 kabla ikufikie. Wengi hawajui hizo pesa zinaenda wapi. Mimi nilijua, kwa sababu nilikaa darasani. Kwa hesabu yangu nimeandika ile iliyonifikia.

Matumizi: bando 1,500 kila mwezi, hiyo ni 9,000. Nauli na vitu vya kurekodia, 7,400. Halafu kuna kitu wasee wa kontenti hawaandiki: uchakavu. Simu ya 24,000 ikikutumikia miaka miwili, kila mwezi inakula 1,000, hata kama hujatoa shilingi. Miezi sita, 6,000.

41,200 toa 22,400 inabaki 18,800. Gawa kwa sita. Ni kama 3,130 kwa mwezi.

Keja yangu ilikuwa 4,500.

Huyo ndiye aliyekuwa anakutumia moto. Nilikuwa nalala kwa deni na nakula kwa mathe, halafu nawaambia watu nimeomoka. Hatujahesabu HELB, ambayo iko palepale na riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka. HELB hawaulizi kama ulimaliza.

Sasa, usinisome vibaya. Siandiki hapa ati kila mtu abaki chuo. Tuseme ukweli pia kuhusu Bcom. Ni miaka minne, na ukimaliza bado wewe si CPA. Mitihani ya KASNEB iko na ngazi tatu, na digrii inakupunguzia baadhi ya karatasi tu, si yote. Wengi wetu tulijua hivyo tukiwa mwaka wa tatu. Kama ulipata C+ kwa KCSE unaweza kuanza CPA moja kwa moja bila kupitia digrii, na hilo hakuna aliyeniambia nikiwa kidato cha nne. Ningelijua, pengine ningechagua tofauti. Na ni kweli mtaani kuna watu wako na digrii ya uhasibu na wanaendesha nduthi. Nawajua, wengine ni marafiki zangu. Hasira yenu iko na sababu.

Lakini hasira si hesabu. Kwa hivyo nikiulizwa tena "niache?", nitakuuliza vitu vitatu.

Je, unaacha, au umekwama na unatafuta jina zuri la kukwama? Ukiwa umekwama, kuna ofisi, kuna dini, kuna bazari, kuna kulipa kidogokidogo, kuna mhadhiri mmoja mwenye roho. Mimi sikugonga mlango hata mmoja. Niliogopa kuulizwa pesa ilienda wapi.

Kama unaacha kwa kazi fulani, andika miezi sita yake kwanza. Andika yote, hadi uchakavu, hadi chakula cha mathe. Ikisimama yenyewe, sitakuzuia.

Na kama ni lazima uondoke, ahirisha masomo kwa barua. Barua moja tu, yenye muhuri. Aliyeahirisha ana mlango wa kurudia. Aliyepotea, kama mimi, anarudi akiomba.

Kwa uhasibu kuna akaunti moja unafungua hesabu zikikataa kulingana. Unaweka ile tofauti hapo kwa muda, kazi iendelee, huku ukitafuta kosa. Si vibaya kuifungua. Vibaya ni kuisahau hapo. Vidio yangu ilikuwa akaunti kama hiyo, na niliiacha wazi zaidi ya mwaka mzima.

Deni la chama nimelimaliza. Nilipata kazi ya kaunta asubuhi kwa duka la vifaa vya ujenzi, nikawa napeleka 2,000 kila mwezi, Jumapili, wakiniona. Ilichukua miezi minane. Mara ya mwisho ilikuwa 1,900, na mama wa maziwa aliiandika polepole, akanigeuzia daftari nisome kama tarakimu ziko sawa. Zilikuwa sawa. Siku hizi anaandika ada za M-Pesa kwa safu yake peke yake.

Chuoni nimepeleka barua ya kuomba kurudi. Sijajibiwa, na nimeambiwa hata wakikubali, kuna masomo nitarudia. Vidio sitaifuta, kwa sababu kufuta mstari uliokosea hakufundishwi popote. Unaupiga mstari mmoja usomeke, unaandika wa kweli chini yake.

Huu ndio wa kweli.